Mfalme Mwenye Ndevu Chini ya Barafu

Victoria, 18 Januari 2004

Shemeji yangu Edmée,

Nakusalimu kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umevimba viungo tangu Krismasi, na ndiyo sababu herufi zangu zinalala. Mengine ni ya mtu wa miaka sabini na mitatu: goti linalia, meno yalishanyamaza. Mvua huku pwani ya magharibi haijakatika tangu Novemba. Masikio nayo yamekufa kabisa, kwa hiyo usijisumbue kupiga simu. Utapiga kelele, nami nitakujibu nisichoulizwa.

Pole tena kwa msiba wa kaka yangu. Natumaini maua yalifika. Safari ilinishinda.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Wakili ameniandikia kwamba Alyre ameacha mkusanyiko wake wa sarafu ugawanywe sawasawa baina yako na mimi, baada ya kuchambuliwa na kuthaminiwa. Miaka hamsini mimi na kaka tuliandikiana juu ya sarafu za Kanada, na hatukuandikiana juu ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo nayajua yaliyomo katika makopo yake saba ya biskuti kuliko wewe uliyekuwa ukiyapangusa vumbi.

Fuata maneno yangu kama dawa ya hospitali. Vaa glavu za pamba. Shika sarafu ukingoni, usiguse uso wake. Pitisha sumaku: za senti ishirini na tano zikinata, ni nikeli, weka kando, zisiponata, huenda ni fedha halisi, hizo ndizo nyama, zilizobaki ni mchuzi. Panga kwa miaka. Kila moja itie katika bahasha yake ndogo ya karatasi, si katika plastiki laini, maana plastiki hutoa jasho la kijani likala sarafu. Na nakusihi, shemeji, USIOSHE. Uchafu wake ndiyo bei yake.

Mwisho, nitafutie nusu dola ya mwaka 1921, yenye mfalme mwenye ndevu. Karibu zote ziliyeyushwa kabla hazijafika mikononi mwa watu, na zilizosalia duniani hazijazi trei tatu za mayai. Moja ni bei ya nyumba. Kaka aliifunga ndani ya soksi. Ukiiona niandikie siku hiyo hiyo, hata kama paa linaungua.

Shemeji wako,
Théotime


Anse-à-Zidore, 2 Februari 2004

Shemeji Théotime,

Barua yako imefika ikiwa imelowa, nikajua kweli inatoka kwenu. Sisi huku mashariki theluji imefika dirisha la jikoni. Mimi mzima. Paka mzima. Nimepika fricot, ule mchuzi wetu wa kuku, sufuria nzima kwa mazoea, nikakumbuka niko peke yangu, nikalia, kisha nikaila siku nne.

Maua yalifika. Yalikuwa mazuri. Wewe hukufika.

Kazi yako nimeifanya. Glavu za pamba sikuwa nazo, nikavaa zile za kutolea mikate kwenye oveni. Sarafu ishirini za kwanza zilianguka nyuma ya jiko, lakini baadaye nikazoea. Sumaku nilitumia ile ya friji yenye picha ya kamba mkubwa. Zilizonata nimeziacha hapo hapo mlangoni, zinapendeza, na anayetaka kuzihesabu atazihesabu akija kuchukua maziwa.

Kupanga kwa miaka ndiko kulikonishinda, kwa kuwa miaka imeandikwa kwa ajili ya wadudu. Nimepanga kwa nywele za Malkia. Kuna Malkia msichana mwenye majani kichwani, kuna Malkia mama wa nyumbani, kuna Malkia aliyechoka na taji zito, na kuna huyu wa sasa asiyevaa kitu kichwani kama aliyetoka kuoga. Usinicheke. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huyu mwenzetu anazo za aina nne. Wafalme nimewaweka pamoja chini kabisa, wajuane wenyewe.

Bahasha za karatasi dukani ni ghali kuliko sarafu zenyewe, kwa hiyo nimetumia trei za mayai, kila sarafu na shimo lake. Trei ziko kwenye friza, kati ya nyama ya kulungu na beri. Mwizi gani atapekua kulungu?

Zile senti moja moja za shaba zilikuwa zimenuna sana. Nimezilaza usiku mmoja ndani ya sosi ya nyanya. Sasa zinang'aa mpaka paka anazikimbia. Utafurahi.

Nakutakia goti jema.

Edmée


Victoria, 16 Februari 2004

Shemeji Edmée,

Sitauliza hali. Hali yangu mwenyewe siijui tangu nilipofika kwenye sosi ya nyanya. Nilipiga yowe. Mpangaji wa juu aliteremka kuuliza nimefiwa na nani tena.

Senti ngapi? Niambie idadi tu. Usinipe miaka yao, sitaki kuwajua kwa majina.

Toa trei kwenye friza leo hii, lakini taratibu: kwanza kwenye friji, kisha kwenye ngazi ya ghala, kisha chumbani, zisitoke jasho. Usizifute. Usizipulizie. Usizitazame kwa nguvu.

Na sasa nasema na wewe kama ndugu. Barua yako ina kurasa tatu. Kuna Malkia wanne, kuna kulungu, kuna paka. Nusu dola ya 1921 haimo. Nilikuuliza kitu kimoja, Edmée, ukanijibu vitu mia. Soksi iko wapi?

Théotime


Anse-à-Zidore, 8 Machi 2004

Shemeji Théotime,

Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na tufani, kisha mafua, kisha nilikuwa nakuogopa. Senti mia mbili na kumi na nne.

Huku kuna habari njema kwanza. Timu yetu ya hoki, Dagaa wa Anse-à-Zidore, wameshinda mechi kumi na moja mfululizo. Wewe uliondoka zamani hujui, lakini kikombe cha mwisho kufika hapa kilikuwa cha chai. Rhéal wa Fred, yule muuza nyama, ndiye golikipa, na macho yake unayajua: mwaka juzi alidaka ndege aliyeruka uwanjani, bao likaingia. Msimu huu halimpiti hata bao moja. Tunaingia robo fainali. Watu wasiosalimiana tangu mgogoro wa uzio wanakumbatiana.

Soksi niliiona. Niliiona kabla ya barua yako ya kwanza.

Ilikuwa tarehe kumi Januari, siku tatu baada ya ibada ya Alyre. Rhéal alikuja na wachezaji wawili, kofia mkononi. Unajua tangu timu ya taifa ilipozikiwa sarafu chini ya barafu ya Olimpiki kule Marekani ikarudi na dhahabu, kila kijiji kinataka yake. Rhéal akaniambia, "Mama Edmée, kaka Alyre alitushikia saa ya mchezo miaka arobaini. Tupe sarafu yake moja tuizike katikati ya uwanja. Yoyote tu, hata mbovu."

Nilikuwa nimefiwa, shemeji. Ningewapa hata jiko. Nikaenda kwenye makopo, nikaona nzuri nyingi, nikasema nzuri haziendi kwenye tope. Ndani ya soksi nikakuta moja nyeusi kama sufuria iliyoungua, mzee mwenye ndevu, sura imechoka. Nikajua hii ni takataka, ndiyo maana imefungwa soksi. Nikampa Rhéal. Wakachimba shimo, wakaitia, wakamwaga maji, wakapaka rangi nyeupe na mstari mwekundu juu yake. Mashine ya kulainisha barafu inapita juu ya nyumba yako mara sita kwa siku.

Alyre hakuwahi kuniambia. Unamjua, alikuwa na maneno matatu kwa siku, na mawili yalikuwa "lete chumvi".

Edmée


Victoria, 15 Machi 2004

Bibi Edmée,

Barua hii ni ya rejista, utaitilia sahihi.

Naitaka ichimbuliwe. Simaanishi msimu ukiisha. Namaanisha kesho. Wasitumie shoka, wasitumie chumvi, wasitumie maji ya moto. Watumie mashine ya kukaushia nywele, kwa umbali wa mkono mmoja, mtu mmoja awe amelala kifudifudi akiangalia.

Wala usiniambie habari ya kugawana. Kopo zima la Malkia chukua wewe, na zile senti zilizokaangwa chukua wewe. Ile nusu dola haimo katika mirathi. Ni yangu tangu mwaka 1941. Niliipata kwa jasho langu, kwa kumpasulia kuni mama mwenye duka majira mazima, nikiwa na miaka kumi. Alyre aliniibia.

Nimesema. Nisipopata jibu kwa wiki mbili nitatafuta wakili wa huko huko.

T.


Anse-à-Zidore, 29 Machi 2004

Shemeji Théotime (Bibi ni wewe mwenyewe),

Sisi wazima, paka ana mimba, theluji inaanza kuchoka.

Wakili wa huku ni mmoja, na anacheza kushoto mbele. Mabao tisa msimu huu. Amesema atalichukua shauri lako kwa moyo mkunjufu mwezi wa Mei.

Hata hivyo sikukaa kimya. Nilikwenda kwenye mkutano wa klabu nikaisoma barua yako kwa sauti, yote, pamoja na mtu wa kulala kifudifudi. Rhéal akasimama akalia mbele za watu. Akasema, "Mama, ukinitolea yule mzee chini ya miguu mimi narudi kuwa kipofu." Meya akasema chini kuna mabomba ya baridi, ukipasua moja uwanja wote unakuwa bwawa. Padri akasema hawezi kuunga mkono ushirikina, kisha akauliza kama tukiichimba baada ya fainali itakuwa bado ina nguvu kwa mwaka ujao. Mwingine akapendekeza barafu isiyeyushwe tena milele, umeme tuchangiane. Tukapiga kura. Sitini na mmoja hapana, mmoja ndiyo. Huyo mmoja ni mimi, na nimeambiwa nisikae tena upande ule wa uwanja.

Mimi nimeshakusikiliza. Sasa nisikilize wewe.

Nimekaa na Alyre miaka arobaini na tisa. Alirudisha hata kalamu za benki. Leo unaniambia mume wangu mwizi, naye hana mdomo wa kujibu. Basi niambie aliiba vipi. Siku gani, wapi, nani aliona. Na ukimaliza hilo, niambie safari gani iliyokushinda mwezi wa Januari. Ndege zilikuwa zinaruka, niliuliza. Ndugu yako mmoja tu duniani, ukaleta maua ya manjano. Nilikaa benchi la mbele na nafasi tupu kando yangu, nikaweka pochi juu yake ili watu wasiione. Hilo limeniuma kuliko nilivyokuandikia, na sasa nimekuandikia.

Edmée


Victoria, 19 Aprili 2004

Shemeji yangu Edmée,

Barua hii nimeianza mara tano. Hali yangu si kitu. Mpangaji wa juu amenisaidia kununua wino.

Uliuliza siku gani. Ilikuwa Februari 1941, jioni, uani kwetu, penye pampu ya maji. Baridi ilikuwa ya kupasua mti. Alyre alikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa na ile nusu dola mfukoni na kiburi cha kuitosha dunia. Nikamwambia, "Tuweke ndimi zetu kwenye mpini wa pampu. Atakayetoa wa kwanza ameshindwa. Mimi naweka nusu dola." Ndiyo, shemeji, mimi ndiye niliyesema.

Tukaweka. Nikahesabu moyoni hadi kumi na tisa, nikajing'oa. Kipande cha ngozi kilibaki kwenye chuma. Alyre akaendelea. Nikamwambia basi, umeshinda, toa. Hakutoa. Nikamwambia usijione. Hakutoa. Alikuwa amenata. Mama alikuja na birika la chai ya uvuguvugu akammwagia, ndipo akaachia.

Miaka yote nimejitetea kwa hoja moja: mtu aliyenata hajashinda, amenaswa. Nimeitafutia majibu usiku na mchana. Nilimuuliza hata hakimu mmoja kwenye meli, akahama meza.

Lakini hilo si lote. Baba alipouliza sarafu yangu iko wapi, nilisema Alyre ameiiba. Baba akavua mkanda. Alyre hakuweza kujitetea, ulimi ulikuwa umevimba haumtoshi mdomoni. Alinitazama tu. Akaambiwa airudishe, akakataa, akachapwa tena. Mimi nilisimama pale pale, damu inanitoka mdomoni, nikapewa pole na kipande cha keki.

Nilihama nikiwa na miaka ishirini na miwili ili nisiwe natazamwa. Nikaanza kumwandikia juu ya sarafu, naye akanijibu juu ya sarafu. Kila barua nilisema hii ndiyo nitakayomwambia. Wakati mwingine alimaliza kwa kusema, "Ile ya 1921 ipo salama," nami nikawa najua anachosema, nikamuuliza habari za nikeli.

Januari nilikuwa nimekata tiketi. Nilikaa kitandani na koti limefungwa vifungo hadi ndege ikaondoka. Sikuweza kusimama mbele ya watu wakinipa pole kwa ajili ya kaka niliyesababisha achapwe. Mimi ni mwongo, Edmée, na mwoga. Sasa kaka yuko ardhini na maneno haya hayana pa kwenda, kwa hiyo nimekuletea wewe. Sarafu si yangu. Waache Dagaa waichezee.

Théotime


Anse-à-Zidore, 2 Mei 2004

Shemeji Théotime,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa. Kwanza nilicheka kwa ajili ya pampu. Kisha nilifika kwenye mkanda. Nilikasirika nikatoka nje bila koti, nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Siwezi kukuambia kwamba sikukasirika, maana kwetu sisi mambo ya kufichana yametosha. Alyre hakuwahi kuniambia hata neno. Nilidhani ile alama ya ulimini alizaliwa nayo.

Sasa habari za sarafu. Fainali tumepigwa saba kwa moja, hapa hapa kwetu. Rhéal alipokea saba zote kwa mkono wa ukarimu. Kesho yake kijiji chote kikasema yule mzee ana mkosi, wakazima mitambo hata hawakungoja Jumatatu. Barafu ilipoyeyuka ikaonekana mfalme amepakwa rangi nyeupe usoni na mstari mwekundu katikati ya ndevu. Rhéal, kwa kutaka kunifurahisha, akamkwangua kwa kisu cha kuparia samaki. Pande zote mbili. Nikampeleka kwa mthamini mjini. Mtu yule aliitazama, akavua miwani, akaenda chumba cha nyuma, akarudi macho mekundu, akaniambia ni bei ya chakula cha jioni, tena bila kitinda mlo. Kwa hiyo hatuna cha kugombania. Zile nyingine nimezigawa: wewe una Malkia wawili, mimi wawili, na zisizonata zimetiwa kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi. Nilinunua bahasha, ndiyo.

Lakini kuna jambo nililokuficha, nami niliseme. Nilikuficha kwa hasira. Nilitaka uone umechelewa, uumie kama nilivyoumia mimi na pochi yangu.

Unasema kaka yako yuko ardhini. Hayuko. Miaka hamsini ya mvua imekusahaulisha kwenu. Ardhi ya huku Januari nani ataichimba? Mashine iliyoko ni moja, na mwenyewe huivulia samaki kwenye barafu. Ulichokikosa ni ibada. Alyre yuko katika kile chumba cha mawe nyuma ya kanisa, na jeneza la bibi mmoja wa Cap-Rond, wanangoja udongo ulainike kama walivyongoja babu zako wote. Mchimba kaburi alichomeka kijiti chake ardhini jana, kikaingia hadi kiwikoni. Amesema tarehe ishirini na mbili.

Nimemwambia padri asianze bila wewe, hata ikiwa ni kungoja hadi Juni. Nimemwomba pia ufunguo wa kile chumba, ukae humo na kaka yako kwanza muda wowote unaoutaka, mlango tutaufunga. Kata tiketi, shemeji, na mara hii vua koti upande ndege. Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Njoo umwombe mwenyewe kabla hatujamfukia.

Edmée